Gesi Hushuka na Mfongo

Mwezi wa saba mwaka jana nilihudhuria kikao cha mtaa huku Moshi. Mwekezaji alitaka kujenga kituo cha kujazia mitungi ya gesi kando ya barabara, na mtaalamu wake alikuwa amebandika ramani ukutani kwa selotepu. Katikati palikuwa na nukta nyekundu, na kuizunguka, duara safi la bikari lenye nusu kipenyo cha mita 214. Nje ya mstari huu, akatuambia, msiwe na wasiwasi.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono. "Mwanangu, hapo ulipoweka hiyo nukta mimi napajua. Unapita mfongo, mfereji wetu wa zamani wa maji, ingawa siku hizi umejaa chupa za plastiki. Maji yakimwagika pale hayaendi pande zote. Hiyo gesi yako inaendaje pande zote?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mtaalamu naye akacheka, akajibu kwa adabu kwamba gesi si maji, mzee wangu, gesi inapanda hewani inapotea. Tukahamia kwenye ajira za vijana, soda zikaja, kikao kikafungwa.

Kile kicheko ndicho kilichonifanya niandike. Mzee, ambaye utoto wake ulipita akizibua mifongo kule juu vihambani, kwenye mashamba ya migomba, alikuwa karibu na ukweli wa kisayansi kuliko mwenye ramani. Na kwa miji yetu hii miwili iliyojengwa kwenye miteremko, Moshi chini ya Kilimanjaro na Arusha chini ya Meru, tofauti kati ya duara na mfongo inaweza kuamua ni mtaa upi utakaoungua.

Tuanze na mtungi wa jikoni. Gesi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa, butani kama mara mbili. Ikivuja haipandi popote; inalala sakafuni na kutambaa. Hilo nililijua kwa kusoma, lakini nililielewa kwa aibu. Mtungi wa kilo 15 nilioletewa na bodaboda ulikuwa na valvu mbovu, harufu ikajaa jikoni. Nikazima jiko, nikafungua dirisha, nikajiona nimemaliza kazi. Dirisha lenyewe liko usawa wa kifua. Jirani yangu, Mama Neema, alipita uani akanusa, akaingia bila hodi. "Baba Junior, unafukuza gesi kwa dirishani kama nzi?" Akafungua mlango wa nyuma, akavua kanga ya juu, akainama na kuanza kupunga chini kabisa, usawa wa vifundo vya miguu, akiisukuma nje kuelekea uani. Mtungi wenyewe akanituma niutoe. Tangu siku hiyo nikimwona fundi wa gesi anayetafuta uvujaji akiwa amesimama wima, namtilia shaka.

Gesi hii huanza kushika moto ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa. Ikizidi asilimia 9 hivi haiwaki, kwa kuwa hewa haitoshi. Hebu piga hesabu. Kilo 15 zikitoka zote mtungini zinakuwa kama mita za ujazo 7 za gesi, na zikichanganyika na hewa hadi asilimia 2 zinatosha kujaza vyumba 15 vya mita tatu kwa tatu. Sasa chukua lori la tani 20. Hilo linatoa gesi inayokaribia mita za ujazo 10,000. Ikichanganyika kwa kiwango kilekile na kulala ardhini kwa kina cha mita 2, inafunika hekta 25, kama viwanja 35 vya mpira. Bila shaka haitachanganyika sawasawa namna hiyo. Pengine itakuwa nzito mno isiwake, pengine nyepesi mno. Lakini ukubwa wa jambo umeuona.

Na malori hayo ni yetu. Gesi hushushwa bandarini Tanga na Dar es Salaam, kisha inapanda kwa barabara kupitia Korogwe, Same na Mwanga mpaka huku. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Mama yangu alipika kwa kuni miaka hamsini na kifua chake kinasema hivyo. Ila lengo hilo maana yake ni malori zaidi, maghala zaidi, na ramani zaidi zenye nukta nyekundu.

Anayetaka kujua gesi nzito hufanya nini mlimani usiku asiende kwenye maabara. Aende Cameroon. Tarehe 21 Agosti 1986, saa tatu usiku hivi, Ziwa Nyos lilitapika kaboni dioksidi iliyokuwa imejikusanya kwenye maji ya kilindini mwake. Wingu likamwagika ukingoni mwa ziwa na kushuka mabondeni. Watu wapatao 1,700 walikufa, wengi wakiwa usingizini, na mifugo maelfu, mpaka umbali wa kilomita 25 kutoka ziwani. Kaboni dioksidi haiwaki, ni kweli. Lakini kwa uzito, molekuli yake na ya propani ni kulwa na doto: zote mbili ni 44, wakati hewa ni kama 29. Kilichotokea Nyos ni kama jaribio ambalo hakuna mwanasayansi angethubutu kulifanya. Wala sisemi lori moja litafika kilomita 25. Nyos ilitoa mamia ya maelfu ya tani. Umbali tuuache. Njia ndiyo ninayoitaka: wingu lilifuata mabonde, na vijiji vilivyokuwa mabondeni ndivyo vilivyoangamia. Ukichora duara kuzunguka ziwa lile, utajumuisha vilima ambavyo watu wake waliamka salama asubuhi.

Kwa nini basi wataalamu wanaendelea kuchora maduara? Hapa inabidi kuwatendea haki, maana fani yao ina historia ndefu na si ya watu wajinga.

Hesabu za mtawanyiko wa gesi zilikua kwanza kwa ajili ya vitu vinavyopeperuka na upepo bila uzito wa ziada: moshi wa mabomba ya viwanda, na kabla ya hapo gesi za vita. Mwaka 1961 Mwingereza Frank Pasquill alichapisha njia ya kuigawa hewa katika makundi sita, kutoka A hadi F. A ni adhuhuri ya jua kali na upepo mdogo, hewa inachemka kama sufuria ya ugali kabla hujatia unga, moshi unatawanywa haraka. F ni usiku wa nyota, upepo hafifu, hewa ya chini imepoa kuliko ya juu yake na imelala kimya. Moshi unabaki kama utepe mwembamba na kwenda mbali bila kupungua makali. Mpaka leo mtaalamu akisema "tumefanya F mbili" anamaanisha hewa ya kundi F na upepo wa mita 2 kwa sekunde, hali inayochukuliwa kuwa mbaya zaidi.

Tatizo la kwanza liko ndani ya fomula yenyewe. Kiasi cha gesi unachokipata mahali fulani hugawanywa kwa kasi ya upepo. Weka upepo sifuri uone: kikokotoo kinagoma. Kwa hiyo usiku usio na upepo, ambao ndio usiku wa hatari zaidi, ndio usiku ambao hesabu inaukwepa.

Tatizo la pili ni uzito, na hilo lilishughulikiwa kwa gharama kubwa baada ya watu kufa. Tarehe 1 Juni 1974 kiwanda cha Flixborough, Uingereza, kililipuka kwa wingu la sikloheksani na kuua watu 28. Muda si mrefu majaribio makubwa yakaanza: Maplin Sands mwaka 1980, China Lake kule California, na Thorney Island kati ya 1982 na 1984. Pale Thorney Island walijaza gesi nzito isiyowaka kwenye hema la mita za ujazo 2,000, kisha wakaliangusha hema ghafla. Gesi haikusubiri upepo. Ilianguka kwa uzito wake na kutanuka pande zote, hata kurudi nyuma kidogo dhidi ya upepo, kama uji uliomwagika mezani. Kutokana na vipimo hivyo zikajengwa na kupimwa modeli za gesi nzito, yaani hesabu za kutabiri wingu litafika wapi, zinazotumika duniani kote, DEGADIS, SLAB na nyinginezo. Programu ya ALOHA ya serikali ya Marekani, inayopatikana bure na kufundishwa vyuoni, hesabu zake za gesi nzito zinatokana na DEGADIS.

Lakini tazama mahali penyewe. Maplin Sands ni mchanga wa pwani. Thorney Island ni uwanja wa ndege wa zamani. China Lake ni jangwa. Uji ulimwagwa juu ya meza, na meza ilikuwa imesawazishwa. Watunzi wa ALOHA hawakuficha hili. Maelezo yao yanasema wazi kwamba programu inaichukulia ardhi kuwa tambarare, kwamba haitegemewi upepo ukiwa hafifu sana au hewa ikiwa imetulia mno, wala pale milima na mabonde yanapouongoza upepo. Ukiiandikia upepo chini ya mita 1 kwa sekunde, inakataa. Sasa soma tena masharti hayo ukiwa umesimama Moshi saa nane za usiku.

Hewa ya Kilimanjaro ina ratiba kama ya daladala. Mchana jua linapasha mteremko, hewa inapanda kuelekea msituni, na ndiyo maana Kibo huonekana asubuhi na kujificha mchana. Jua likizama ardhi inapoa, hewa inayoigusa inapoa na kuwa nzito, nayo inaanza kuteleza kwenda chini, polepole, kimya, ikifuata mabonde ya Karanga, Njoro na Rau. Kwenye vihamba wazee waliijua kwa ngozi kabla ya kuwepo kipimajoto. Asubuhi za Julai utaiona kwa macho: ukungu umejaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu, juu yake migomba imekauka mng'aro. Arusha ni hivyohivyo kwa Themi na Naura. Gesi nzito ikimwagika usiku kwenye mteremko kama huo inasukumwa na nguvu mbili zinazokwenda upande mmoja: uzito wake yenyewe, na hewa baridi inayoshuka nayo. Mchana nguvu hizo mbili zinavutana. Duara la bikari halijui mchana wala usiku.

Kuna atakayesema kipimo cha upepo tunacho, vituo vya hali ya hewa viko viwanja vya ndege. Vipo, na kazi yake vinaifanya. Lakini uwanja wa ndege hujengwa pale palipo tambarare na wazi, na kipimo cha upepo kwa kawaida huwekwa juu ya mlingoti wa mita 10. Wingu tunalolizungumzia lina kimo cha mtu na liko ndani ya korongo. Kuchukua upepo wa uwanja wa ndege ukautumia bondeni kwa Njoro ni sawa na kumuuliza rubani kama kuna matope sokoni.

Buncefield, ghala la mafuta kaskazini ya London, iliwafunza Waingereza somo hili asubuhi ya Jumapili ya tarehe 11 Desemba 2005. Tanki la petroli lilijaa likafurika gizani, na usiku ulikuwa mtulivu, karibu bila upepo. Kamera za ulinzi zilirekodi ukungu mweupe wenye kina cha mita chache hivi ukitambaa kwenye maegesho, ukivuka barabara, ukipita kwenye uzio wa miti. Ulipowaka, mlipuko ulikuwa mkubwa kuliko hesabu za wakati ule zilivyoruhusu. Majeruhi walikuwa 43, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili alfajiri hakufa mtu. Wachunguzi walikuja kuona kwamba ile miti iliyosongamana kando ya barabara iliuharakisha moto, kwa sababu miali ikipita kwenye matawi inavurugwa na kuongeza kasi. Nikisoma habari hiyo nilitazama nje dirishani kwangu. Michongoma, migomba, masale, mpaka mtoni.

Jambo jingine, ambalo kwangu ndilo linalopotoshwa kuliko yote, ni maana ya zile asilimia. Modeli hutoa wastani. Kwa sumu wastani una maana, kwani mwili huhesabu ulichovuta kwa dakika kadhaa. Moto hauna subira hiyo. Wingu la gesi lina mabonge na mapengo, kama moshi wa sigara, na bonge moja likigusa kaa la moto kwa nusu sekunde inatosha. Wastani ukiwa asilimia 1, mabonge yenye asilimia 2 yatakuwemo humo humo. Kwa sababu hiyo wanaojali huchora mpaka wao kwenye nusu ya kiwango cha kuwaka, na ALOHA hutumia asilimia 60 ya kiwango hicho. Nilimuuliza mtaalamu wetu baada ya kikao mpaka wake wa mita 214 ni wa kiwango gani. Akasema ni cha kuwaka chenyewe. Zile mita 14 zilinikera zaidi kuliko 200. Katika fani hii modeli husifiwa kuwa nzuri ikiwa majibu yake mengi yako kati ya nusu na mara mbili ya kilichopimwa uwanjani. Anayekupa mita 214 anakupa tarakimu tatu za kitu chenye tarakimu moja, tena iliyokopwa jangwani.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshapewa: tukitaka modeli inayojua milima tutalipa mamilioni, kituo hakitajengwa, na watu watarudi kwenye mkaa. Modeli kama hizo zipo, zinaigawa hewa yote katika vijisanduku na kukokotoa kila kimoja, na ni ghali kweli. Sizidai kwa kila kituo cha mitungi. Ninachodai ni vitu vya bei ya kawaida. Ramani ya mwinuko ya eneo hupatikana bure. Mwenye kiwanja aweke mlingoti wa mita 2 na kipima upepo, ukae miezi kumi na miwili, kisha asome upepo wa saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kisha achore mstari wa maji, kutoka kwenye nukta nyekundu mpaka mtoni, aupanue pande zote mbili kwa ukarimu, na aandike ni nyumba ngapi ziko ndani yake. Akitaka kuendesha ALOHA baada ya hapo, aiendeshe, lakini umbali atakaopewa aunyooshe kwenye mteremko badala ya kuuzungusha. Vibali vya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na tathmini za NEMC, baraza la mazingira, vinaweza kuuliza swali hilo moja bila kubadilisha sheria yoyote: usiku, inaelekea wapi?

Swali hilo lina siasa yake pia, na sitajifanya siioni. Mabondeni kwetu ndiko viwanja vilipo rahisi. Anayepanga chumba karibu na mto hapangi kwa kupenda mbu. Duara linawagawia hatari sawa wenye nyumba za juu na za chini, na hivyo linaonekana la haki. Mteremko hauwagawii sawa. Mwekezaji akilichora bonde atalazimika kuzungumza na wale wa chini, ambao siku ya kikao kile wengi walikuwa vibaruani.

Inabadilisha pia neno la kuwaambia watu. Lori likipinduka, kwa silika tunakimbia kuteremka, maana ndiko miguu inakokwenda haraka, au tunawasha bodaboda tuondoke. Pale Buncefield kinachodhaniwa kuwasha wingu ni pampu ya maji ya kuzimia moto ilipowashwa. Jeshi la Zimamoto lina namba yake, 114, na watu wengi wanaijua. Neno la "panda juu, kata upepo kwa ubavu, usiwashe kitu" sijawahi kulisikia likisemwa kwenye kikao chochote cha mtaa.

Agosti nilimtafuta yule mzee. Sikuwa na chombo chochote, nilikuwa na wazo tu la kitoto, naye akalipenda. Jumapili saa tatu usiku tulikwenda kwenye kiwanja cha nukta nyekundu na mafungu mawili ya majani ya mgomba, mabichi juu, makavu chini. Moshi si gesi, nilimwambia, moshi una joto, utapanda kwanza. "Subiri upoe," akasema. Ukapanda mpaka kiunoni kwake, ukasita, ukajikunja. Kisha ukaingia mfongoni kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Tukaufuata kwa tochi. Ulipita chini ya kalavati, ukatokea upande wa pili umetandazwa, haufiki hata magotini, ukaacha mtaro kwenye kona iliyobomoka. Mita kama themanini kwa dakika nne.

Mwisho wake ulikuwa kibarazani kwa mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo.

"Jamani, nani anachoma takataka usiku huu?"

"Shikamoo baba" ikafuata haraka alipomtambua mzee. "Marahaba, mwanangu. Tusamehe. Tunapima." Akauliza tunapima nini. Mzee hakujibu, alikuwa ameinama anatazama moshi ulivyozunguka jiko la mkaa. Jiko lilikuwa chini, juu ya tofali moja.